Matroni wa bweni la mimea, anayeshinda baridi kwa uchoyo wa maji

Jua bado halijapanda juu ya mapaa, na kila anayepumua anatoa moshi mdomoni. Ghorofani, juu ya kiwanda kidogo cha mikate, mwanamke mfupi aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, anapita kati ya meza ndefu huku amenyoosha mkono. Anaigusa mimea kwa mgongo wa kiganja, mmoja baada ya mwingine, kama mama anayewapima watoto homa.

"Mzima. Mzima. Huyu naye mzima, anajidekeza tu," anasema bila kugeuka nyuma. "Na huyu hapa alitaka kunifia kwa ukaidi. Nikamwambia, kwangu hafi mtu bila ruhusa."

Juu ya meza kuna mishubiri yenye meno pembeni, dungusi wa miiba, vimea vilivyojikunja vikawa kama mawaridi, na vingine vyenye majani ya duara mithili ya vifungo vya koti. Yote ni mimea ya majani manene, inayojaza maji mwilini na kuyala kidogo kidogo wakati wa ukame. Majina yao ya vitabuni ni marefu na yanavunja ulimi. Humu ndani wanaitwa wanene, basi.

Na mwanamke huyu anaitwa Matroni. Jina lake la kuzaliwa analijua mumewe na ofisi ya vitambulisho. Mtaa mzima, kuanzia kinyozi wa kona mpaka watoto wa shule, wanamwita Matroni, na yeye huitikia kwa sauti iliyozoea kuita korido nzima.

Kazi yake ni kulaza mimea ya watu. Baridi inapoanza kuuma, wenye wanene wao huwaleta, naye huwatunza mpaka baridi ikatike. Nyumba nyingi za mji huu zina giza, na madirisha yake yanapitisha upepo kama chekeche. Mmea uliovumilia miezi ya jua kali bila kulalamika unaweza kuganda kwa usiku mmoja tu kwenye kizingiti cha dirisha, asubuhi ukakutwa umelegea kama kitambaa kilicholoa.

Malipo yake hayajawahi kubadilika. Chungu kimoja, mwezi mmoja, ni bei ya mkate mmoja. "Mkate ukipanda, na mimi napanda," anasema. "Sina haja ya kubishana na mtu. Anapita dukani pale chini, anaona bei yangu imeandikwa kioo kizima."

Leo si siku ya kawaida. Baridi imekatika, na wenye mimea wanakuja kuchukua watoto wao. Lakini pia leo ndiyo siku ambayo mwenye jengo, mwokaji mikate anayeitwa Tanuri kwa sababu ya hasira zake, aliahidi kusema kama Matroni abaki na chumba hiki au afunge virago.

"Leo ni leo," anasema Matroni, akiweka sawa chungu ambacho tayari kilikuwa sawa. "Asemaye kesho ni mwongo."

Kabla ya kulaza mimea, alilaza watoto wa watu. Kwa miaka mingi alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Shule ilipofungwa kwa kukosa wanafunzi, alirudi nyumbani na sanduku la bati, filimbi, na mshubiri mmoja aliokuwa akiutumia kuwapaka wasichana walioungua na pasi.

Nyumbani, mkono uliozoea kulea haukutulia. Akaongeza mmea wa pili, wa tatu, hadi dirisha likajaa. Baridi ya kwanza ilipofika, akawafanyia kama alivyozoea kuwafanyia wasichana. Jioni akawafunika. Asubuhi akawapa maji, tena ya uvuguvugu, wasije wakashtuka.

Walikufa karibu wote. Walianza kulainika chini, wakawa kama uji, wakaanguka. Aliposogeza kabati ili afagie, akakuta nyuma yake chungu kimoja kilichodondoka zamani, kimekauka kabisa, udongo umepasuka. Mmea uliokuwemo ulikuwa umesinyaa, umekuwa wa zambarau kwa baridi, lakini hai.

"Niliyemsahau ndiye aliyeishi," anasema. "Nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu nikalia. Niliowapenda wote nimewaua, na niliyemtupa ananitazama."

Tangu hapo akaelewa jambo ambalo sasa ndilo sheria ya kwanza ya bweni. Wakati wa baridi wanene wanalala. Mizizi inafunga mlango, haivuti kitu. Maji unayomwaga yanabaki pale kwenye udongo, yanapoa, na mmea unaloa miguu mpaka unaoza.

"Mtu aliyelala ukimnywesha, unamsaidia?" anauliza, akisubiri kujibiwa kama vile yuko darasani. "Atapaliwa. Basi hivyo hivyo. Kulea wakati wa baridi ni kujizuia mkono. Ni kazi ngumu kuliko kumwagilia, maana kumwagilia hata mtoto anaweza."

Kwa sheria hiyo, wengine humwita mchoyo, na yeye halikatai jina hilo.

Chumba cha juu ya mikate alikiona siku moja alipokwenda kununua mkate wa chai. Kilikuwa na madirisha matatu mapana yanayopokea jua la asubuhi, na sakafu ya mbao iliyo vuguvugu kwa sababu tanuri liko chini yake. Hewa yake ni kavu, na wakati huo chumba kilikuwa kimejaa masanduku mabovu. Tanuri alimkodisha kwa shingo upande. Mfanyabiashara mmoja wa magodoro alikuwa akikitaka pia, lakini alikuwa hajafika bei.

Msimu wa kwanza ililetwa mimea michache ndani ya sufuria mbovu na makopo, nusu yake kwa kuonewa huruma. Msimu huu wa tano vyungu vilipita mia tatu. Ndipo yalipotokea ya kutokea.

Katikati ya baridi, wakati ambao hata mbwa wa mtaani hulala mchana, simu ilikuja kwamba bintiye amejifungua katika mji mwingine, na mtoto alikuwa wa kwanza. Matroni hakufikiri mara mbili. Alimkabidhi ufunguo mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye mpaka leo anaitwa Dereva, akapanda basi.

Siku ya pili, akiwa kwenye baraza la hospitali, alisoma anga. Mawingu yalikuwa yamekwisha na upepo umetulia, dalili kwamba baridi inakuja kwa nguvu. Akampigia mumewe simu. Upande wake magari yalikuwa yakipita. Upande wa Dereva, aliyekuwa amesimama uani mwa kiwanda cha mikate, mashine ya kukandia unga ilikuwa ikinguruma.

"Mume wangu, wanene usiwape maji hata tone!" alipaza sauti.

Silabi moja haikufika. Dereva alisikia hivi: "Mume wangu, wanene uwape maji, hata tone!"

"Nikajiambia, leo mke wangu kalainika," Dereva anasimulia. Ni mzee mrefu, mpole, ambaye hukaa pembeni ya kiti kana kwamba yuko tayari kumpisha mtu. "Nikasema ni mjukuu huyo, kamgeuza moyo bibi yake. Sasa fikiria, mtu mwenyewe mchoyo wa maji, leo anakubembeleza uwape hata tone. Utatoa tone kweli? Si ungwana. Nikawapa washibe."

Isitoshe, maisha yake yote barabarani alifundishwa jambo moja. Ukiamka, kabla hujanawa uso, kagua maji ya rejeta. Gari likikauka, unalala porini. "Mimi siwezi kuona chombo kikavu nikanyamaza," anakiri. "Nilikuwa napita mle ndani kila siku roho inaniuma. Nilipopata ruhusa, nilishukuru Mungu."

Akajaza debe la kumwagilia, akapanda ngazi, akashuka, akajaza tena. Kutwa nzima alikuwa kwenye kazi hiyo, akiimba. Hakuna mmea uliorukwa.

Matroni aliporudi, alikuwa hajafika mlangoni alipoisikia harufu ya udongo uliolowa. "Kwa mtu mwingine hiyo ni harufu ya mvua, harufu ya heri," anasema. "Mimi nilishika ukuta."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni na debe lake, anang'aa kwa furaha. "Karibu mama! Njoo uone walivyonenepa!"

Na kweli walikuwa wamenenepa. Ubaya wa maji ya wakati huo ni kwamba kwanza humpendezesha mnene, majani yakajaa na rangi ikaiva, huku chini mzizi umeanza kuwa mweusi. Matroni aliitazama meza moja, akaitazama ya pili, akaketi kwenye ngazi akalia kwa sauti. Dereva akadhani analia kwa furaha ya mjukuu, akaanza kumpongeza.

"Watu husema wema hauozi," Matroni anasema sasa, akimtupia mumewe jicho. "Mimi wema wa huyu bwana niliuona ukianza kuoza kwa macho yangu, chungu kwa chungu."

Kana kwamba hayo hayatoshi, ngazi zilitikisika. Tanuri alikuwa anapanda, ndevu nyeupe kwa unga, mkononi ameshika donge la unga uliolowa. Maji ya Dereva yalikuwa yamepita katikati ya mbao za sakafu, yakadondokea magunia ya unga.

Alisema mengi siku hiyo. Yanayoandikika gazetini ni haya: "Sikiliza mama. Baridi ikiisha, nitakaa kaunta yangu pale nitazame. Wenye mimea wakishuka hizi ngazi wakilia mbele ya wateja wangu, chumba anapewa mtu wa magodoro. Magodoro hayanywi maji!"

Redio jioni ile ikatangaza baridi kali, umande wa kuganda, kuanzia mwisho wa wiki. Kwa mnene aliyekauka, hiyo ni taabu ya kawaida tu. Kwa mnene aliyejaa maji, ni hukumu ya kifo.

Dereva, ambaye sasa alikuwa ameelezwa kila kitu na ametamani sakafu immeze, alikaa kwenye kona. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema kwa unyonge.

Hapo, anasema Dereva, mkewe alinyanyuka akafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. Mwanamke aliyekuwa akilia akawa tena Matroni. "Hayo ni maji ya mtungi," alimjibu. "Haya tutayazoa."

Wazo lake lilitoka bwenini, si kwenye kitabu chochote cha bustani. Msichana akinyeshewa mvua, humpeleki kitandani na nguo mbichi. Unamvua, unamkausha, ndipo alale. Basi wanene nao wangevuliwa.

Kesho yake asubuhi wakaanza. Matroni alikuwa aking'oa mmea, anaukung'uta udongo wote, anauchunguza mzizi. Palipokuwa na weusi, alikata kwa wembe uliofutwa kwa spiriti, akaacha kidonda wazi kishike kigaga. Dereva alikuwa akibeba udongo uliolowa kwa ndoo, kushuka na kupanda, mgongo wake wa udereva ukimlilia, wala hakuomba kupumzika.

Palihitajika kitu cha kuwalaza. Walipokuwa wakihangaika na magazeti ya zamani, Tanuri alitokea na rundo la mifuko mitupu ya unga, ile ya karatasi nzito, akaitupa sakafuni.

"Usidhani nimekusamehe," alimwambia. "Naihurumia sakafu yangu."

Baadaye, bila kuulizwa, akawaonyesha pale juu ya tanuri ambapo yeye hukaushia kuni. Udongo ukaanikwa huko. Jioni Matroni alimwambia mumewe kwamba mtu anayekuchukia hakuonyeshi mahali anapokaushia kuni zake.

Wakamaliza kabla ya baridi kuingia. Sakafu nzima ya chumba ilikuwa na mimea iliyolala uchi juu ya karatasi, kila mmoja na chungu chake kitupu kichwani, joto la mikate likiwapanda kutoka chini. Yeyote aliyefungua mlango angedhani ni wodi.

Na watu walifungua. Habari haikai mfukoni. Wa kwanza kufika alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye mmea wa mawaridi aliorithi kwa mama yake. Alipouona umelala sakafuni, umesinyaa, mizizi juu, alipiga ukelele.

"Matroni, umeniulia!"

"Hajafa dada. Amelala. Nipe muda."

"Amelala gani huku amekauka kama samaki? Hata maji humpi!"

Akauchukua, akaukumbatia kifuani, akashuka ngazi mbio. Baada yake wengine wakaja, mmoja mmoja, wakichukua wa kwao kimyakimya kama watu wanaotoa fedha benki inayosemekana inafilisika. Matroni hakumzuia mtu. Aliwapa sharti lile lile mlangoni, wasiwape maji, na wengi waliitikia kwa kichwa bila kumtazama machoni.

Aliyekataa kuchukua wake ni kinyozi wa kona, mwenye dungusi wa duara mwenye nywele nyeupe za miiba. "Kila siku watu wananikabidhi shingo zao chini ya wembe," alisema kwa sauti ili waliokuwa ngazini wasikie. "Mimi nikabidhi dungusi mmoja nianze kutetemeka? Abaki."

Dereva anasema kauli hiyo ilimfaa mkewe kuliko dawa. Wengi waliobaki, walibaki kwa sababu ya kinyozi.

Kisha ikawa kungoja. Debe la kumwagilia lilitundikwa ukutani na kufungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo Matroni akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Nje umande uliganda, mabomba yakapasuka, na watu wakatembea kama waliobeba mayai. Ndani, wanene walisinyaa wakawa na mikunjo kama vidole vya mfua nguo. Kila siku Matroni alipita akawagusa kwa mgongo wa kiganja, akaondoa waliokata tamaa.

"Kuna siku niliogopa sana, sikufichi," anasema. "Niliwatazama nikajiuliza, na kama ni kiburi changu tu? Kama yule fundi ndiye aliyesema kweli? Nilitaka kumwomba mume wangu anivunjie lile kufuli."

"Na mimi nilikuwa na nyundo," anadakia Dereva. "Lakini safari hii nilisema, bora nisiguse kitu."

Tangu kisa kile, lugha ya nyumba hii imebadilika. Matroni hatumii tena amri za kukanya. Ile "si" ni ndogo mno, anasema, upepo ukipita tu imeshapeperuka, na ikipeperuka unabaki na kinyume cha ulichotaka. Sasa humwambia mumewe "waache wakavu", "liache jiko limezimwa", "funga mdomo". Dereva anakiri kwamba amri ya mwisho huisikia vizuri hata mtandao ukiwa mbaya.

Siku baridi ilipoanza kulegea, Matroni alimwinua mshubiri mmoja, akauona uzi mweupe, mwembamba kama wa buibui, ukichungulia penye kigaga. Ulikuwa mzizi mpya. Akamwinua wa pili, naye alikuwa nao. Wa tatu pia. Alitoa kichwa dirishani akapiga filimbi yake ya bweni mara moja, kwa nguvu zake zote, na chini yake Tanuri akaunguza sinia la mikate kwa mshtuko.

Waliokufa mikononi mwake walijaa sinia moja tu. Waliobaki wakarudishwa kwenye udongo mkavu uliotoka juu ya tanuri, wakaachwa wazoee, na ndipo kufuli likafunguliwa. Maji ya kwanza yalitolewa kwa kijiko. Dereva ndiye aliyepewa heshima ya kushika kijiko, Matroni akiwa amesimama nyuma yake kama trafiki.

Ndiyo maana asubuhi hii, mlango unapofunguliwa na watu wanaanza kupanda ngazi, Matroni amejitanda kanga mpya juu ya sweta zake mbili.

Kinyozi ndiye wa kwanza. Anaoneshwa dungusi wake, na kichwani pa dungusi pamechomoza tumba la waridi, ua ambalo hajawahi kuliona tangu aununue mmea huo.

"Ala! Kumbe huyu ni mwanamke!" anasema kinyozi, na chumba kizima kinaangua kicheko. Anashuka ngazi amemshika kwa mikono miwili, akimwonyesha kila anayekutana naye, hata wasiouliza.

Wanakuja wengine. Karani wa posta anaukuta mshubiri wake umerusha fimbo ya maua mekundu, anaanza kupiga picha mpaka watu wanamwomba asogee. Mama mmoja anambusu Matroni mashavuni, kisha anambusu na Dereva, kisha anaona aibu. Waliopoteza mmea wanapewa mche mwingine na mwezi mmoja wa bure msimu ujao, na hakuna anayepandisha sauti.

Jua likiwa limepanda sana, anaingia fundi cherehani. Ameshika chungu kitupu. Anasimama karibu na mlango, anawapisha watu, anangoja mpaka wapungue.

"Nilimpa maji," anasema hatimaye. "Nilimhurumia. Alikuwa ananitazama. Nikampa asubuhi na jioni. Sikuja kudai, Matroni. Nimekuja tu kuuliza kama kuna wa aina yake, hata mdogo, uniuzie. Ulikuwa wa mama."

Matroni anakwenda kwenye dirisha la mwisho, anarudi na kisahani. Juu yake kuna jani moja lililonyauka, limebaki kama ganda. Kwenye ncha ya jani hilo pamejishika kiwaridi kidogo cha kijani, hakijafika ukubwa wa ukucha, na vizizi vyekundu chini yake.

"Siku ile uliposhuka mbio, jani moja lilidondoka ngazini," anasema. "Nililiokota. Nikaliweka pakavu. Sijalimwagia hata tone. Huyu ni wa mama yako, dada. Ni yeye mwenyewe."

Fundi cherehani anakipokea kisahani kwa mikono miwili. Halii kama alivyolia siku ile. Anacheka huku machozi yanamtoka, na Matroni naye vilevile, na Dereva anageukia ukutani akidai kwamba vumbi la unga limemwingia machoni.

"Nimwachie nani?" fundi anauliza. "Nikienda naye nyumbani nitamwua tena."

"Humwui. Jua linakuja, sasa ameamka. Sasa ndiyo wakati wa kumpa. Taratibu, kwa kijiko. Na baridi ikirudi, mlete."

Mchana unapopinduka, meza moja baada ya nyingine inabaki tupu, na vyungu vimeacha alama za duara kwenye vumbi. Mwandishi wa makala haya anamuuliza Matroni ana mpango gani, naye haombi muda wa kufikiri. Anataka kwenda kukaa na mjukuu wake, ambaye alimwona kwa harakaharaka, na atakwenda katikati ya baridi ijayo, kwa makusudi kabisa, bweni akimwachia Dereva.

"Mtu aliyekwisha kuwavua na kuwavika wote mia tatu, utamfundisha nini tena?" anasema. Dereva anajinyoosha kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anakaa kiti kizima.

Ngazi zinatikisika. Tanuri anaingia, ndevu nyeupe vilevile, anajipangusa mikono kwenye aproni. Anazunguka chumba bila kusalimu. Matroni amesimama na ufagio, hapumui.

"Nimekaa kaunta kutwa," anasema Tanuri. "Nasubiri mtu ashuke analia."

"Ukaona nini?"

"Ameshuka mmoja. Nikasema, haya sasa. Kumtazama vizuri, analia anacheka. Akanunua mikate miwili." Anakuna ndevu, unga unadondoka. "Wote wamenunua. Mikate imekwisha mchana kweupe. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu wa magodoro kapiga simu. Nimemwambia chumba kina watu." Anaonyesha meza tupu kwa mkono mzima. "Sasa akija akaona hivi, si ataniona mwongo? Hapa pana nini? Patupu!"

Matroni anashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu katikati ya baridi. Kisha anaegemea ufagio wake, na sauti inayomtoka ni ile ya korido.

"Hapajawa patupu, baba. Bweni halibaki tupu, huwa liko likizo. Na ile stoo yako ya pembeni naitaka pia, maana shule ikifunguliwa, humu hatutaenea."